Ufukwe wa Bure

Treni hutoka handakini, ikakupa bahari
kwa muda wa kupiga chafya,
kisha ikakunyang'anya. Giza. Bahari tena. Giza.
Mpaka mama akasema: "Bora wafunge pazia
waache kutuonjesha."

Tukateremka Calafosca saa nne asubuhi.
Nyumba zimeshika mlima kama ukoko sufuria,
za manjano, za waridi, moja nyekundu ya kukosea,
na madirisha mengine yamechorwa tu ukutani:
la kweli hulijui mpaka mtu achungulie.

Mama yangu, Iride Bottaro, alifanya kazi hapa
misimu kumi na mmoja ya joto, Hoteli Mirandola,
ghorofa ya tatu, vyumba kumi na vinne,
shuka ishirini na nane kwa siku, zidisha mwenyewe.
"Bahari naijua," aliniambia tukishuka ngazi.
"Naijua kwa rangi."

Mlangoni mwa ufukwe, kijana mwenye filimbi shingoni
akatusomea bei: safu ya mbele, euro arobaini;
ya pili, thelathini na tano, mwavuli na vitanda viwili;
bafu la maji moto ni kwa sarafu.
Nyuma yake miavuli ya buluu imejipanga
kama watoto wa shule wanaosubiri kukaguliwa kucha.
"Na bahari yenyewe?" mama akauliza.
"Bahari ni bure, bibi. Ila njia."

Akatuelekeza kwa kidevu:
piteni choo cha mwisho, vukeni mto mkavu,
kati ya gati la mawe na bomba la maji ya mvua.
Hatua sitini kwa upana, nilizihesabu.
Humo ndimo kijiji chenyewe kilimojibana:
muuza samaki aliyefunga duka mapema,
wazee wanne wakicheza karata juu ya ndoo iliyopinduliwa,
msichana akikariri mifupa ya mkono kutoka daftari lililolowa,
ukoo mzima umezunguka sufuria ya nyanya zilizojazwa wali.
Mzee Gerolamo akavuta taulo lake, shibiri mbili.
"Kaeni. Hapa tunapanuka kama soksi."

Mama hakukaa.
Alikuwa akiitazama hoteli, juu, mkono kwenye paji la uso.
"Dirisha la tano. Pale nilikung'uta mito.
Enzi zangu taulo halingening'inia hivyo."
Kisha, bila kunigeukia, akanieleza
jambo ambalo sikuwahi kulisikia nyumbani:
wahudumu hawakuruhusiwa kuonekana ufukweni
mpaka wageni waondoke;
na wageni wakiondoka, ni zamu ya magodoro kuanikwa;
na magodoro yakikauka,
ni Oktoba.

Alivua viatu, akaviweka sambamba, visigino pamoja,
kama vinasubiri nje ya mlango wa mtu.
Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.
Yeye hakuyavulia kitu zaidi ya viatu,
akayaingia hivyo hivyo, akiyumba juu ya kokoto,
mikono imenyooka kama amebeba shuka safi
zisiguse pande za ngazi.
Gauni la maua likafura, likamzunguka.
Gerolamo alishika karata hewani, hakuitupa.

"Kumbe ni baridi!" mama akapiga kelele,
kwa hasira, kwa hasira kabisa,
kama mtu aliyefichwa siri miaka arobaini
na ghorofa nzima ikijua.

Hakuogelea. Hajui.
Alisimama tu, maji kiunoni, kiasi cha nusu saa,
akipokea wimbi moja moja na kulirudisha.

Jioni, katika treni, pindo lilikauka
likaacha mstari mweupe uliopinda,
kama ule wa maziwa ukingoni mwa kikombe.
Nikasema nitalifua tukifika.
Mama, aliyefua vya watu maisha yake yote,
akafunika goti kwa kiganja.
"Liache."

Handaki likaja. Bahari ikaja, nyekundu, kubwa.
Hakuitazama.
Alikuwa akilamba kidole.